Mwongozo kamili: Kupiga sonata ya Corelli kwa fidla mbili, chelo na hapsikodi bila kuvurugwa na zile namba za besi

Nimechoka kujibu swali moja kwa watu tofauti kwahiyo naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Swali linakujaga hivi: "Kaka, tumepata noti za Corelli, fidla zinasoma vizuri, chelo yuko sawa, ila kinanda kikiingia tu kila kitu kinaharibika, tatizo nini?" Nikiomba rekodi, sekunde kumi za kwanza zinatosha. Mpiga kinanda (hapsikodi, au kibodi inayoiiga) kaona 6, moja ya vile vinamba vya besi vinavyomwambia mkono wa kulia upige nini, chini ya noti ya E, akapiga kodi ya sita, au kapiga ile Em6 aliyoizoea kanisani, na juu yake fidla mbili zinalia kitu kingine kabisa.

Historia siandiki, ipo kila mahali. Hapa ni kazi tu.

Tutatumia sonata moja mwanzo mwisho: ya mtunzi Mwitaliano Arcangelo Corelli, Opus 2 namba 4, kii ya E maina, kutoka kwenye kile kitabu chake cha sonata 12 za chumbani kilichotoka Roma mwaka 1685. Ina sehemu nne fupi: Preludio (Adagio), Allemanda (Presto), Grave inayoingia kwenye Adagio, na Giga (Allegro). Nimeichagua kwa sababu fidla zake hazimtesi mtu, Corelli hapandishi mkono zaidi ya pozisheni ya tatu, kwahiyo mwanafunzi wa miaka mitatu minne anaimudu na akili yote inabaki kwenye kusikilizana.

Jambo moja lishike tangu sasa: kazi hii inajengwa kutoka chini. Besi kwanza, namba zinafuata, fidla mwisho. Vikundi vingi nilivyovisikia vinaanza na fidla kwa sababu ndo zina wimbo, afu besi inaambiwa "fuata tu", na hapo ndo nyumba inapoanza kupasuka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Noti. Zipo bure IMSLP, ile maktaba ya noti ya mtandaoni, haki zake ziliisha zamani. Pakua pati tatu: fidla ya kwanza, fidla ya pili, na besi. Ile ya besi chapa nakala mbili, moja ya chelo, moja ya kinanda, na hakikisha ina vinamba vidogo chini au juu ya noti. Ukikuta toleo ambalo mtu wa kisasa kakuandikia mkono wa kulia wote, usilitupe, litakusaidia kujisahihisha, ila usilipige. Nitaeleza kwanini.

Fidla mbili. Mojawapo isiwe na kelele kuliko mwenzake, kwenye sonata hii fidla ya pili siyo msaidizi.

Chelo moja. Kama hamna, msilie. Kwenye jalada la kitabu chenyewe imeandikwa fidla mbili na "violone o cimbalo", na hiyo "o" kwa Kiitaliano ni "au". Kinanda peke yake chini kinaruhusiwa, na chelo peke yake pia inaruhusiwa. Kuna mtu aliniuliza besi gita je? Kwa mazoezi nyumbani sawa, siku ya kupiga mbele za watu hapana, noti inakufa haraka afu iko oktavu nzima chini.

Hapsikodi. Najua hauna, na mimi sina. Kibodi ya funguo 61 yenye sauti ya hapsikodi inatosha, noti yake ya chini kabisa ni C ileile ya chini ya chelo kwahiyo hautaishiwa. Muhimu iwe inaweza kuzima mguso, nitafika hapo.

Vingine. Penseli na kifutio (peni marufuku, utabadilisha mawazo mara hamsini), metronomu ya kwenye simu, tuna ya kwenye simu inayokubali kubadilisha namba ya A, na chumba kisicho na mwangwi mwingi.

Muda: kama mnakutana mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, jipeni mwezi.

## Hatua ya 1: Wekeni sauti sawa, kibodi kwanza

Hapsikodi ya kweli haigongi uzi kama piano, inaudonoa. Ndani kuna kijiti chenye ncha, zamani ilikuwa unyoya wa ndege, siku hizi mara nyingi plastiki, kinapanda na kukwanyua uzi. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga ganuni kwenye taarab anaijua sauti hiyo ya risha kwenye uzi. Sasa kijiti hicho hakijui umebonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti inatoka na ukubwa uleule karibu kila wakati.

Kwahiyo fanya hivi kwenye kibodi:

1. Zima mguso, yaani kila funguo itoe sauti sawa hata ubonyeze vipi.
2. Ondoa pedali ya kuvuta sauti, ichomoe kabisa waya wake maana mguu una mazoea.
3. Zima mwangwi na korasi.
4. Kama kuna sauti mbili tatu za hapsikodi, chagua ile isiyo na oktavu ya juu inayolia pamoja. Ile nene inapendeza dukani, kwenye kikundi inafunika fidla ya pili.

Halafu kiwango cha sauti. Watu wa muziki huu wengi leo wanatuni A iwe hezi 415 (mitetemo kwa sekunde), nusu toni chini ya 440 yetu ya kawaida. Kwenye kibodi ni kushusha transipozi kwa moja tu. Kwa fidla yenye nyuzi za chuma za bei nafuu inakuwa kesi nyingine, nyuzi zinalegea, sauti inakuwa kama imepata mafua. Ushauri wangu: kama hamna nyuzi za utumbo au za sintetiki nzuri, bakini 440. Hakuna atakayewafunga.

Onyo la pili hapa ni kwa wajanja kama mimi. Kibodi nyingi zina sehemu ya kubadilisha mpangilio wa toni, na utakuta jina "meantone". Nilisoma kwamba ndo ya zamani, nikaiweka nikijiona mtaalamu, tukaanza E maina, tulipofika kodi ya B ikalia kama mbuzi kafungwa vibaya. Sababu yake ni hii: kwenye mpangilio huo ile funguo nyeusi kati ya D na E imewekwa iwe E flati, haijawekwa iwe D shapu, na tofauti ya hizo mbili ni karibu nusu ya nusu toni. E maina inaihitaji D shapu kila baada ya dakika. Weka mpangilio wa Werckmeister au wa Vallotti kama ipo, au acha mpangilio wa kawaida.

Utajuaje umefaulu: piga B, D shapu na F shapu pamoja, shikilia. Kama unaweza kuisikiliza sekunde tano bila kukunja uso, endelea. Fidla na chelo watuni kwa kibodi, nyuzi zote na siyo A peke yake.

## Hatua ya 2: Besi peke yake, siku nzima

Chelo na mkono wa kushoto wa kinanda, wawili tu. Fidla wabaki nyumbani au wakae wasikilize.

Pigeni Preludio yote hivyo, noti za besi tupu. Afu imbeni. Kweli, imbeni, kwa do re mi au kwa la la la, mliotoka kwaya hii haiwasumbui. Sababu ni kwamba besi ya Corelli ni wimbo, inapanda, inavuta pumzi, inashuka kwenye mwisho wa sentensi, na ukishaiimba unajua mwenyewe wapi pa kukata na wapi pa kuunganisha bila kuambiwa na mtu.

Kanuni ndogo ya mkono: noti zinazofuatana kwa hatua ziwe karibu karibu, noti zinazoruka ziache upenyo. Zikiruka oktavu, upenyo uwe mkubwa zaidi. Chelo usisukume upinde toka mwanzo mpaka mwisho kwa nguvu moja, kila noti ndefu ianze, ivimbe kidogo, ipungue.

Onyo: kinanda na chelo wakipishana hata kidogo kwenye kuanza noti, msikilizaji anasikia mlango unagongwa mara mbili. Hapsikodi ina ncha kali mwanzoni, chelo inachelewa kuamka. Kwahiyo chelo awe wa kwanza kufikiria noti, kinanda amwangalie mkono wa upinde, siyo kichwa.

Utajuaje umefaulu: jirekodini kwa simu ikiwa umbali wa hatua tano. Kama hausikii vyombo viwili ila kimoja chenye ncha na mwili, mmepita.

## Hatua ya 3: Zile namba

Kaa vizuri, hapa ndo tatizo lenu lilipo.

Wengi wetu tumejifunza kinanda kwa wani, foo, faivu. Kwenye lugha hiyo namba ni jina la kodi ndani ya kii. Kwenye besi ya Corelli namba siyo jina la kodi, ni umbali. Unaanza kuhesabu kutoka kwenye noti ya besi iliyopo mbele yako, yenyewe ni moja, unapanda kwa kufuata shapu za kii mpaka ufike namba iliyoandikwa. Basi. Ukibadilisha noti ya besi, unaanza kuhesabu upya.

Mfano. Besi ni E, chini imeandikwa 6. Hesabu: E moja, F shapu mbili, G tatu, A nne, B tano, C sita. Noti ya sita ni C. Na 6 peke yake daima inakuja na 3 ambayo haiandikwi. Kwahiyo mkono wa kulia: G na C. Umepata E, G, C, ambayo ni kodi ya C iliyogeuzwa. Linganisha na ile Em6 ya gospo, E, G, B na C shapu. Unaona kwanini fidla zilikuwa zinalia?

Zilizobaki, zote kwa kii yetu ya E maina:

Hakuna namba kabisa. Piga 3 na 5. Besi E, mkono wa kulia G na B.

Shapu peke yake, haina namba. Inahusu ile ya tatu, ipandishe. Besi B yenye shapu: D shapu na F shapu. Hii utaiona kila mwisho wa sentensi.

6. Tumeshaiona. G yenye 6 ni G, B, E. F shapu yenye 6 ni F shapu, A, D.

7 6, zimefuatana. Noti moja ya besi, mkono wa kulia unabadilika katikati. Besi C: shika B na E, halafu B inashuka kuwa A, E inabaki.

4 3. Besi B: shika E na F shapu, halafu E inashuka kuwa D shapu (mara nyingi ile 3 itakuwa na shapu yake pembeni).

6 na 5 zimepandana. Zote mbili pamoja na 3. Besi D shapu: F shapu, A, B. Ikishatokea hiyo, tegemea besi inapanda kwenda E.

4 na 2 zimepandana, au 2 peke yake. Ongeza 6. Besi A, na ile 4 ina shapu: B, D shapu, F shapu. Besi lazima ishuke, itakwenda G yenye 6.

9 8. Besi E: F shapu inashuka kuwa E.

Ndo hizo. Kwa sonata hii ukizijua hizo nane umemaliza sehemu kubwa mno ya safari.

Ila kuna mtego ambao haumo kwenye orodha yoyote ile: wachapaji wa zamani waliacha namba nyingi bila kuziandika, walijua mpiga kinanda anajua. Kanuni itakayokuokoa ni hii, noti ya besi iliyopandishwa kwa shapu isiyokuwa ya kii, hata kama haina namba, ipe 6. Besi D shapu, tupu? Piga F shapu na B. Na ukiwa na shaka, sikiliza fidla wanapiga nini, maana kodi ipo mikononi mwao tayari, wewe unaijazia.

Zoezi: panda skeli ya E maina kwa mkono wa kushoto polepole, ya kwanza na ya tano bila namba, zilizobaki zote zipe 6, shuka nayo. Dakika kumi kila siku kwa wiki. Mkono wa kulia unaanza kukumbuka maumbo wenyewe na siku ukikutana nayo kwenye Preludio hauhesabu tena.

Sasa kwanini nilisema usipige ule mkono wa kulia ulioandikwa na mtu? Kwa sababu aliyeandika hajui chumba chenu, hajui fidla yenu ya pili ana sauti ndogo, hajui leo chelo kachelewa. Ukisoma noti macho yako yako kwenye karatasi. Ukisoma namba, macho yako yako kwa wenzako. Wiki ya kwanza andika majina ya noti kwa penseli kama unaogopa, wiki ya pili yafute.

Na kuhusu ile 4 3, ngoja niwape kisa. Kikundi chetu cha kwanza tulimsumbua mpiga fidla wa pili karibu wiki mbili, kila tukifika mwisho wa sentensi tunamwambia uko juu, tuni upya, shusha kidole. Yeye anasema niko sawa. Tunabisha. Siku moja kinanda kikakatika umeme, tukapiga watatu, ikawa safi kabisa. Kumbe ni mimi! Yeye alikuwa anashika E, ile 4, na mimi sikuwa nimeiona, napiga D shapu moja kwa moja. E na D shapu kwa wakati mmoja, nusu toni, zinasagana kama mchanga kwenye meno. Nilimnunulia soda. Kwahiyo kabla haujamlaumu mtu wa juu, angalia namba zako.

Utajuaje umefaulu: mwenzako akifunika namba kwa karatasi akafunua moja moja bila mpangilio, unapiga ndani ya sekunde mbili. Na kwenye Preludio hauna kodi inayosagana na fidla kwa zaidi ya pigo moja, kwa sababu misago ya Corelli huwa inafunguka, yako ya makosa haifunguki.

## Hatua ya 4: Mkono wa kulia ukae wapi

Kujua noti sahihi ni nusu. Wapiga kinanda wa kwaya tumezoea kujaza, mkono wa kulia oktavu na nusu, vidole vyote, kwa sababu tunasindikiza watu sitini. Hapa mpo wanne.

Kaa katikati ya kibodi, chini ya fidla ya pili. Ukipanda juu ya fidla ya kwanza umeshakuwa fidla ya tatu ambayo Corelli hakuiandika. Noti mbili au tatu zinatosha. Noti inayopatikana kwenye kodi zote mbili, iache palepale, zilizobaki zisogee kwenda jirani wa karibu.

Mfano wa mwisho wa sehemu ya polepole, besi C yenye 6 inaenda B yenye shapu: shika E na A juu ya C. Besi ikishuka, E ishuke kuwa D shapu, A ipande kuwa B. Vidole vimesogea kidogo sana na mlango umefunguka. Ukiteleza vyote chini pamoja na besi, A kwenda G na kuendelea, utasikia mwenyewe ilivyo bapa.

Kwa vile hapsikodi haina kubwa wala ndogo, ukubwa wake unatengenezwa kwa njia tatu: idadi ya noti, namna ya kuzivunja, na kuachia. Pigo zito lipe noti nyingi, pigo jepesi noti moja au besi tupu. Kwenye Preludio na Grave vunja kodi kutoka chini kwenda juu, polepole au haraka kadri ya hisia, lakini noti ya chini itue pamoja na chelo. Kwenye Allemanda na Giga kodi iwe fupi, donoa na uachie, ukimya baada yake ndo unaofanya watu watikise mguu.

Besi ikitembea noti fupi fupi usipige kodi juu ya kila moja. Moja kwa kila pigo, zingine zinapita tu. Hii peke yake inatibu nusu ya rekodi nilizotumiwa.

## Hatua ya 5: Ingizeni fidla, moja moja

Fidla ya pili na besi kwanza. Ndiyo, ya pili. Inakaa kwenye noti zenye maumivu mara nyingi na hakuna anayeijali, kwahiyo ipeni siku yake. Siku inayofuata fidla ya kwanza na besi. Siku ya tatu wote.

Mtakapokutana wote mtasikia mchezo mkuu wa Corelli: mmoja anashika noti, mwenzake anapanda anamgonga, yule aliyeshika analainika anashuka, halafu wanabadilishana. Kama watu wawili wanapanda ngazi mmoja anamvuta mwenzake mkono. Sheria ni kwamba anayeshika ndo anayeegemea. Upinde uongeze uzito pale mgongano unapotokea na uachie noti inaposhuka. Anayeingia asishindane. Wengi wanafanya kinyume, yule anayeingia anapiga kwa nguvu kwa sababu noti yake ni mpya na iko juu, na mgongano unaonekana kama kosa.

Kutetemesha kidole kwa kila noti acheni. Siyo dhambi, ila hapa ni pambo, weka kwenye noti ndefu moja moja. Noti ikitetema muda wote, ule mgongano wa nusu toni hausikiki vizuri na ndo utamu wenyewe. Mliotoka taarab au kidumbaki mna jambo zuri mkononi, mnajua kusikiliza mwenzenu bila kuangalia karatasi, ila ule mtelezo wa kidole kutoka noti kwenda noti upunguzeni hapa.

Upinde wa kisasa ni mzito, ushikeni juu kidogo ya pale mlipozoea, sentimita tatu nne hivi, noti fupi zitaruka zenyewe.

Utajuaje umefaulu: fungeni macho wote, mtu wa pembeni asikilize. Asiweze kusema nani fidla ya kwanza nani ya pili.

## Hatua ya 6: Mwendo

"Presto" ya Allemanda inaua vikundi. Mnaiona mnafikiri mbio. Ni dansi ya mapigo manne, mtu anatembea kwa furaha, wala hafukuzwi na mbwa. Anzeni metronomu 72 kwa pigo, na ikifika 100 mkiwa bado mnasikia kila noti ya besi, simameni hapo.

Preludio mimi naipenda karibu 52. Grave chini yake kidogo, na msiiburuze, ni daraja fupi la kuvuka kwenda kwenye Giga, ukipiga kambi darajani watu wanasinzia.

Giga ina noti tatu tatu. Kosa la kila kikundi: kuhesabu kila noti. Hesabu moja kwa kila kundi la tatu, noti ya kwanza ina uzito, ya pili ni kivuli, ya tatu inaruka kwenda inayofuata. Chezeni kwa miguu kabla ya kupiga. Nimeshaona kikundi kimehangaika mwezi mzima na Giga ikapona ndani ya dakika tano baada ya kusimama wakarukaruka sebuleni.

Metronomu ikishawafundisha, izimeni. Mwisho wa sentensi unahitaji pumzi na mashine haipumui.

## Hatua ya 7: Marudio na mapambo

Dansi, yaani Allemanda na Giga, zina nusu mbili na kila nusu inarudiwa. Ukirudia vilevile umepoteza nafasi. Mara ya kwanza pigeni kama ilivyoandikwa, mara ya pili fidla wapunguze sauti au waongeze pambo dogo.

Pambo la lazima ni trilo (kupishanisha haraka noti mbili jirani) mwisho wa sentensi, na ianze kwa noti ya juu. Kama noti iliyoandikwa ni D shapu, anza E, egemea hapo kidogo, ndo utetemeshe. Ukianzia D shapu unakuwa umemeza ule mgongano ambao kinanda na besi wameshauandaa.

Kwenye sehemu za polepole mnaweza kujaza noti ndogo kati ya noti kubwa. Kuna toleo la sonata zake za Opus 5 lililotoka Amsterdam mwaka 1710 likiwa na mapambo yanayosemwa ni ya Corelli mwenyewe, liangalieni muone mtu anavyoweza kwenda mbali. Ila ile ni fidla moja. Nyinyi mko wawili, kwahiyo kubalianeni nani anapamba wapi, na anayeshika noti ya mgongano asipambe kabisa, ataiharibu.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kaeni hivi: chelo ubavuni mwa kinanda aone mkono wa kushoto wa mwenzake, fidla mbili zimesimama zikitazamana nusu. Spika ya kibodi iwe nyuma ya chelo, chini, usawa wa kiti. Msikubali fundi mitambo aipitishe kwenye spika kubwa za ukumbi. Hapsikodi ikitoka futi kumi juu ya vichwa vyenu na fidla ziko sakafuni, hakuna mazoezi yatakayowaokoa, na fundi atawaambia "mbona inasikika vizuri". Mwambieni asante, achomoe.

Tuni kabla ya Preludio na tena kabla ya Grave, feni na joto la watu vinashusha nyuzi. Kinanda atoe E na B polepole, wengine wajipange, hakuna wa kuona aibu.

Ikishakaa, namba 12 ya kitabu hichohicho ni Ciacona, ya mwisho. Inafungua na Largo fupi, halafu besi yake inazunguka kwa kushuka G, F shapu, E, D, inarudi tena na tena, na fidla zinafukuzana juu yake. Mkono wa kushoto mtaumudu siku ya kwanza, kwahiyo mkono wa kulia una nafasi yote ya kujaribu.